Mafuta Yapi?

4 Februari

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima kiasi cha kuandika barua. Mkwe wako ana mafua yasiyoisha, na mtoto ameota jino la pili, analifanyia majaribio kwenye kidole changu. Nasikia mguu wa mama umevimba tena. Mwambie apunguze kusimama jikoni, ingawa najua hatasikia.

Shangazi, nina ombi, na nitalieleza polepole ili lieleweke. Hapa kwenye kituo cha utafiti wa mifugo nasomea shahada yangu ya juu kwa jambo moja tu. Ng'ombe wa maziwa akichanganyiwa mafuta ya mimea kwenye chakula chake, kama ya alizeti, mafuta yaliyomo ndani ya maziwa hubadilika. Yale magumu, yasiyoutakia moyo mema, hupungua, na yale laini huongezeka. Siagi yake hupakika kwenye mkate hata ikitoka kwenye friji. Najua huko kwenu siagi ni siagi, lakini wapo watu wanaoyafikiria mambo haya.

Jaribio langu la kwanza liliharibika. Mlishaji wa hapa, mtu mzima aliyelisha ng'ombe miaka kumi na tisa na bado hawezi kufuata karatasi ya ukurasa mmoja, aliwazidishia mafuta kwa uzembe mpaka wakaacha kula. Amefukuzwa kazi, na alistahili. Sasa mkuu wa kituo hataki kunipa ng'ombe wengine, na bila jaribio la majuma kumi na mawili sina shahada. Wewe unao wanne. Naomba wawili wale mafuta na wawili wasile, na maziwa yao yasichanganywe.

Madumu matatu ya mafuta ya alizeti yanakuja kwa lori la kituo. Karatasi ya maelekezo imo humu, vipengele saba. Ni ile ile niliyompa mlishaji, ila safari hii naamini imepata msomaji. Ningepiga simu, lakini nakumbuka unavyosema simu haina nakala.

Mpwa wako.

20 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Wifi yangu, yaani mama yako, mguu umevimba lakini mdomo ni mzima. Paka amezaa ndani ya sanduku la vitabu vyako vya shule, kwa hiyo hatimaye vimepata kazi. Mwenye Nyumba hajambo. Kama umesahau kwa ukubwa wa masomo, ndiye ng'ombe aliyepewa jina hilo na marehemu baba yako, aliyesema sisi wengine wote ni wapangaji wake.

Nashukuru kwa kunieleza polepole. Nilikuwa mpiga chapa miaka ishirini na saba. Nimepitisha mkononi barua za wakubwa wanane, na watano kati yao hawakujua koma inakaa wapi, kwa hiyo wasomi nimeshawaona na hawanitishi.

Karatasi yako nimeisoma mara tatu. Neno mafuta limo mara kumi na moja. Mafuta yapi? Ya kwenye dumu au ya kwenye maziwa? Yote umeyaita mafuta ukayaacha yagombane yenyewe. Enzi zangu ningekurudishia na alama ya kuuliza pembeni, na ungeniletea safi kabla ya saa sita.

Halafu huyo mlishaji. Mtu kalisha ng'ombe miaka kumi na tisa, wamenenepa, wamezaa, kisha siku moja anaamka na kuwamwagia mafuta tu? Alisemaje alipoulizwa? Nijibu hilo.

Nitafanya unavyotaka, maana mtoto wa kaka yangu hakosi shahada kwa kukosa ng'ombe. Mwenye Nyumba na binti yake watakula mafuta, wale wengine wawili watawatazama. Lakini kumbuka jambo moja. Kiwanda cha siagi kinachukua maziwa yangu kila asubuhi tangu baba yako yu hai, na hakijawahi kuyarudisha hata kopo moja. Ukinichafulia jina pale mlangoni, utanijua upya.

Shangazi yako.

9 Machi

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Mafua yamehamia kwangu. Mtoto sasa anatambaa, na kila kilichokuwa chini kimepanda juu ya kabati.

Nimefurahi umekubali. Kuhusu neno mafuta, nimecheka na mkwe wako pia amecheka. Anayewajua ng'ombe ataelewa kutokana na habari yenyewe. Ukianza kuuliza mafuta yapi, kesho utauliza ng'ombe yupi, na keshokutwa maziwa ya nani. Kuna sababu za kitaalamu nyuma ya kila kipengele, zinahusu vijidudu vya tumbo la kwanza la ng'ombe, lakini hizo zitakuchosha bure.

Ninachokuomba ni kimoja. Usiongeze mawazo yako. Fuata karatasi ilivyo.

Mama mpe pole ya mguu.

Mpwa wako.

2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na hiyo ndiyo ya mwisho kwa sasa. Mama yako hajambo. Paka nao hawajambo. Wengine hawana nafuu hiyo.

Karatasi nimeifuata ilivyo. Pumba nilichanganya na mafuta kwenye nusu pipa, kikombe asubuhi na kikombe jioni kwa kila ng'ombe, kipimo chako. Maziwa ya wawili hawa nayapeleka kiwandani kwenye kopo la peke yake. Mlangoni yupo mpimaji, binti wa miwani, anayetia maziwa kwenye kichupa chembamba na kukizungusha mpaka mafuta yanaelea juu, kisha anayasoma kama mtu anayesoma siri za jirani. Maziwa yangu miaka yote ni mafuta nne katika mia. Juma la nne akasoma tatu na nusu. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu mwenye miwani.

Nikarudi nyumbani nikatoa karatasi yako. Kipengele cha nne, nanukuu na nukta zake: "Mafuta yakishuka, ongeza kidogo kidogo mpaka yatulie." Basi mafuta yameshuka. Nikaongeza. Juma lililofuata yakashuka tena, nikaongeza tena, kidogo kidogo, mpaka nikafika vikombe vitatu asubuhi na vitatu jioni. Mafuta yakafika mbili na kitu. Jumatatu iliyopita yule binti alilisukuma kopo langu kando kwa mguu, akasema kiwanda kinatengeneza siagi, hakinawishi watu mikono. Walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu, na wote wananijua. Nikapita katikati yao na kopo lililojaa.

Hilo ningelimeza. Lakini Mwenye Nyumba ameacha kucheua. Anasimama kwenye kona ya zizi akiangalia ukuta, kinyesi chake kinateleza na kung'aa, na nyasi anazinusa tu kisha anageuza uso. Binti yake naye ameanza. Sikuongeza mawazo yangu, kama ulivyoagiza. Sasa lete yako.

Shangazi yako.

11 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii naituma kwa lori la kituo ili iwahi. Acha mafuta leo, usingoje kesho. Wape nyasi kavu tupu na maji ya kutosha. Pumba pia acha. Mwenye Nyumba mlishe kwa mkono, konzi moja moja, hata akikataa.

Kipengele cha nne hakisemi ulivyosoma. Kinahusu mafuta ya alizeti yanaposhuka chini ya pipa la kuchanganyia. Yakishuka, unaongeza pumba kidogo kidogo mpaka yanyonywe na kutulia. Mafuta ya maziwa kupungua kiasi ni jambo la kutegemewa, limo katika vitabu vyote, na ungeacha lilivyo. Badala yake umeongeza dawa juu ya dawa. Vijidudu vya tumbo la kwanza ndivyo vinavyomeng'enya nyasi, na mafuta yakizidi hulala. Vikilala, ng'ombe hana cha kucheua.

Kusema kweli sielewi mtu mwenye akili zake anawezaje kusoma hivyo. Hata yule mlishaji alisimama mbele ya mkuu na hadithi hii hii, kwamba mafuta ya maziwa yalishuka na karatasi ilimwambia aongeze. Wasiojua kusoma hujificha nyuma ya karatasi. Wewe sikukutegemea.

Nijulishe hali ya ng'ombe mapema.

Mpwa wako.

20 Mei

Mpwa wangu,

Shikamoo yako imefika. Nimeiweka kwenye droo ya mashine ya chapa pamoja na kaboni zilizokwisha. Nikipata sababu ya kuijibu nitaitoa.

Siku sita nimemlisha Mwenye Nyumba konzi moja moja. Mama yako aliburuta mguu wake mpaka zizini akashika ndoo, hakulalamika hata mara moja, ndipo nikajua hali ni mbaya. Juzi asubuhi, nimekaa juu ya debe lililopinduliwa, nikasikia taya linasaga. Alikuwa anacheua. Nililia pale pale, na ukimwambia mtu nitakana.

Sasa tuje kwako. Februari nilikuuliza mlishaji alisemaje. Machi ukanijibu habari za kabati. Kumbe alisema. Alisimama mbele ya mkuu wake akasema karatasi ndiyo iliyomwambia, nawe ulikuwepo, na karatasi unaijua maana ni ya mkono wako. Ukamwacha aitwe mzembe. Kwangu ukamwandika asiyejua kufuata ukurasa mmoja.

Mimi na yeye hatujuani. Yeye ana miaka kumi na tisa ya ng'ombe, mimi ishirini na saba ya karatasi, na tumejikwaa mahali pamoja. Wawili wakijikwaa mahali pamoja, mwenye akili huangalia chini. Wewe umeangalia miguu yetu ukasema ni mibovu.

Sikukudharau ulipokuwa mjinga, mtoto yeyote huwa mjinga. Nakudharau sasa umesoma. Kosa la karatasi ni la kawaida, nimesahihisha maelfu. Lakini kumtoa mtu kazini ili koma yako isiguswe, hilo sikuwahi kulipigia chapa, hata kwa wale wakubwa watano.

Mwandikie mkuu wa kituo, umweleze kosa lilikuwa la nani.

Shangazi yako.

3 Juni

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi sana kuhusu Mwenye Nyumba. Mtoto amesimama kwa kushika kiti, akaanguka, akasimama tena.

Uliyoyaandika nimeyasoma. Naomba uelewe kwamba mambo haya si mepesi kama yanavyoonekana kutoka zizini. Nikimwandikia mkuu maneno hayo, swali lake la kwanza litakuwa kwa nini sikusema siku ile. La pili litahusu shahada yangu. Nina mke na mtoto. Na ukiangalia kwa haki, mlishaji naye angeweza kutumia akili yake.

Nasikia amepata kibarua cha kupakia magunia, kwa hiyo hakuharibikiwa kabisa. Nimefikiria kumpelekea salamu na zawadi ndogo kwa mkono wa mtu, bila maneno mengi. Nadhani hilo litamaliza.

Mpwa wako.

14 Julai

Mpwa wangu,

Mama yako anatembea. Kiwanda kimerudi kuchukua maziwa yangu, baada ya yule binti kuyapima siku kumi mfululizo mbele ya foleni ile ile. Mwenye Nyumba anatoa nusu ya maziwa aliyokuwa akitoa, lakini ananitukana kwa mkia kama zamani.

Barua yako ina tarehe 3 Juni. Mhuri wa posta ni wa 27. Siku ishirini na nne ilikaa mfukoni mwako, mikunjo ninaiona na doa la chai pia. Usidhani nakulaumu kwa hilo. Katika barua nzima, kuchelewa kwake ndilo jambo pekee la maana nililoliona. Aliyekuwa anaona sawa angeituma siku ile ile.

Yaliyoandikwa ndani ni upuuzi. Mtu uliyemvunjia jina unataka kumpelekea zawadi bila maneno. Huko ni kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na kwa mara ya kwanza hakuna atakayeuliza mafuta yapi. Eti anapakia magunia, kwa hiyo hakuharibikiwa. Nikikutoa kituoni nikakubebesha magunia, utaniandikia kwamba hukuharibikiwa? Mkuki kwa nguruwe.

Humu zimo karatasi mbili. Ya kwanza ni maelekezo yako, nimeyapiga chapa upya. Kila mahali ama ni mafuta ya dumu, ama ni mafuta ya maziwa. Kipengele cha nne sasa kinasema: "Mafuta ya dumu yakituama chini ya pipa, ongeza pumba." Hivyo ndivyo mtu anavyoandika akitaka kueleweka. Kwa maelekezo haya nimeanza upya na wale ng'ombe wawili waliokuwa watazamaji, kikombe kimoja, hakuna kuongeza. Mwenye Nyumba sasa ndiye mtazamaji, na anaifanya kazi hiyo kwa dharau ya kutosha. Sina ugomvi na mafuta yako. Ugomvi wangu ni na wewe.

Ya pili ni barua kwa mkuu wa kituo. Nimeiandika kama inavyotakiwa iwe, mistari tisa. Haina sahihi. Nakala ninayo, na anwani ya kituo ninayo, lakini sitaituma. Nikiituma itakuwa barua yangu, na mimi sikumfukuzisha mtu.

Shangazi yako.

30 Agosti

Shangazi,

Sikuandika shikamoo kwa sababu najua zilizotangulia ziko wapi.

Barua yako ya mistari tisa sikuitia sahihi. Niliandika ya kwangu kwa mkono, ikawa mistari kumi na minne, maana kulikuwa na jambo ambalo wewe hukulijua na hukuweza kulipigia chapa. Siku nilipompa mlishaji ile karatasi aliisoma yote nikiwa nimesimama. Kisha akaweka kidole kwenye kipengele cha nne akaniuliza, "Mafuta yapi, mtaalamu?" Walikuwepo wanafunzi wawili. Nilicheka. Nikamwambia afuate karatasi ilivyo.

Alipoitwa mbele ya mkuu hakulitaja hilo. Alisema tu karatasi ilimwambia aongeze. Nadhani aliningoja nilitaje mimi. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, nikaangalia viatu vyangu.

Ulipouliza swali lile lile Februari, nilijua. Nilikujibu vilevile nilivyomjibu yeye, maneno yale yale, ili nisiwe nimekosea mara ya kwanza.

Mkuu aliisoma barua yangu kwa sauti mbele ya watu wote, mimi nikiwepo. Shahada imesogezwa mwaka mzima. Mlishaji ameitwa, amerudi Jumatatu. Nilimfuata zizini kumwomba radhi. Alikuwa anachanganya pumba, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, nipe hilo pipa." Nikampa. Sasa kituo kizima, kuanzia mfagizi hadi mkuu, nikitamka neno mafuta wanauliza mafuta yapi. Mtoto wangu atakwenda shule wakiniuliza bado.

Mtoto anatembea. Mama msalimie.

Mpwa wako.

12 Septemba

Mpwa wangu,

Mama yako anakusalimu. Anasema mwaka mmoja si kitu, yeye mguu huo anao mwaka wa tisa.

Majuma yamebaki matatu. Binti wa miwani anasoma mafuta ya maziwa tatu na nusu, yamesimama hapo hapo, na hanitazami tena, anaandika tu. Jumapili nilitikisa maziwa ya wale wawili kwenye mtungi wa kioo mpaka mikono ikakufa ganzi. Siagi ilipatikana. Nikailaza kwenye friji, asubuhi nikaitia kisu, na kweli ilipakika kwenye mkate bila kuupasua. Mama yako aliionja akasema imeharibika, siagi gani haiwezi hata kusimama. Akala vipande vinne. Liandike hilo kwenye shahada yako.

Barua yako ina makosa matatu ya herufi, na mstari wa tano kutoka mwisho umepinda kama uliuandika umesimama. Nilishika kalamu nyekundu, kisha nikairudisha mahali pake. Barua ile haikuhitaji mpiga chapa.

Bado sikusifu. Ulichelewa, na mtu alibeba magunia miezi yote hiyo wewe ukiangalia viatu. Usinitegemee nisahau.

Nimefungua droo.

Marahaba.